Ufito wenye misumari sita: namna ya kuchora umbo la mtumbwi kwa vipande vya polinomia

Mzee aliyenifungua macho katika jambo hili hajawahi kuandika mlinganyo hata mmoja. Ni fundi mitumbwi katika mwalo wa Igombe, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Siku niliyomfuata nikiwa na kompyuta begani nilimkuta amepiga magoti juu ya plaiwudi, ameukunja ufito mrefu kati ya misumari. Nikataka kumsaidia kuusukuma ukae vizuri. Akanizuia mkono.

“Kijana, usiusukume. Wewe piga msumari pale unapotaka upite, kisha uache utafute njia yake.”

Nilihesabu misumari ile. Vipimo vyake vilikuwa vitano, lakini misumari ilikuwa sita. Sikuuliza, na kutouliza kulinigharimu majuma mawili ya hesabu. Msumari wa sita tutaufikia mbele.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchukua umbo lililopinda, hapa ni mtumbwi wa mbao wa mita 8, na kuligeuza kuwa namba zinazoweza kuchorwa kwenye kompyuta, kukuzwa, kupunguzwa na kukatiwa patani, yaani kiolezo cha kukatia mbao. Njia ni hiyo hiyo ukichora bodi ya gari, chupa, herufi za bango au paa la kanisa. Unahitaji futi ya chuma, timazi, pima maji, uzi na kikokotoo. Ukiwa na LibreOffice Calc ya majedwali na Inkscape ya kuchora, ambazo ni programu za bure, kazi itakuwa nyepesi zaidi. Kwa upande wa hesabu, inatosha kujua kutatua milinganyo michache kwa pamoja.

Kwa nini vipande, si mlinganyo mmoja mrefu

Polinomia ni mlinganyo uliojengwa kwa x, x², x³ na kuendelea, kila kimoja kikizidishwa kwa namba yake. Ni rahisi kukokotoa, kwa sababu haudai chochote zaidi ya kuzidisha na kujumlisha. Kishawishi cha kwanza cha kila mwanafunzi, na mimi nilikuwa mmojawao, ni hiki: nina vipimo 11, basi nitatafuta polinomia moja ya kipeo cha 10 ipite kote. Polinomia hiyo ipo, na itapita kwenye vipimo vyote 11 bila kukosea. Balaa liko katikati ya kipimo na kipimo.

Carl Runge, Mjerumani, alilionyesha hilo mwaka 1901. Alichukua mchirizi, yaani mstari uliopinda, mpole wenye umbo la kilima, 1 ÷ (1 + 25x²), kati ya −1 na 1. Ukiupima sehemu 11 zenye nafasi sawa na kupitisha polinomia moja ya kipeo cha 10, karibu na ncha polinomia hiyo inaruka na kukosea kwa karibu 1.9, wakati kilima chenyewe kina kimo cha 1 tu. Ukiongeza vipimo vya nafasi sawa ili kurekebisha, mawimbi ya nchani yanazidi kuwa makubwa.

Mimi sikuwa nimemsikia Runge. Nilichora mtumbwi wangu wa kwanza kwa polinomia moja, nikaridhika kwa kuwa ulipita kwenye kila nukta, nikakata plaiwudi. Upande wa omo, yaani mbele, ulitoka na tumbo lisilokuwepo kwenye mtumbwi wowote wa ziwa hili. Mzee aliutazama, akanyamaza kwa heshima, akaichukua plaiwudi akaifanya meza ya kuanikia dagaa.

Dawa ni kukata umbo vipande vifupi, kila kipande kikapewa polinomia yake ndogo ya kipeo cha tatu, yaani kubiki, kisha vipande vikaungwa kwa adabu. Kwa nini kipeo cha tatu? Kipande kimoja kinadaiwa mambo manne: kianze mahali fulani, kiishie mahali fulani, kiondoke kwa mteremko fulani, kifike kwa mteremko fulani. Kubiki ina namba nne za kuchagua, kwa hiyo madai manne yanatoshana nayo kabisa. Kipeo cha pili kina namba tatu tu na hakiwezi kupinda kushoto kisha kulia ndani ya kipande kimoja. Kipeo cha tano kinaweza mengi, na kwa kazi ya mbao ni kujitafutia mawimbi.

Hatua ya kwanza: kupima

Pima mtumbwi ukiwa umepandishwa mchangani, asubuhi kabla upepo haujaanza kuchezesha timazi. Usawazishe kwa pima maji na uupigie kabari. Vuta uzi kutoka omo hadi tezi, yaani nyuma, juu ya mstari wa katikati, sambamba na mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi chini yake. Weka alama kila mita 2 kwenye uzi. Katika kila alama pima nusu ya upana, kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa nje wa mbao ya juu. Pima kulia na kushoto, kisha chukua wastani, kwa sababu hakuna mtumbwi wa mkono ulio sawa pande zote mbili.

Vipimo nilivyopata, umbali kutoka omo kwa mita na nusu upana kwa sentimita:

mita 0: sm 0
mita 2: sm 52
mita 4: sm 70
mita 6: sm 62
mita 8: sm 40

Tezi ya mtumbwi huu imekatwa wima ili ibebe injini, ndiyo maana upana haurudi sifuri.

Kabla hujakunja futi, pima tena katikati ya alama, kwenye mita 1, 3, 5 na 7. Mimi nilipata 31.5, 64.5, 68.5 na 52. Namba hizi nne ziandike karatasi nyingine na usiziingize kwenye hesabu. Ni mashahidi. Asiyekuwa na mashahidi atajisifu kwamba mchoro wake umepita kwenye nukta zote, jambo ambalo hata plaiwudi yangu ya dagaa ililifanya.

Hatua ya pili: kuamua pa kukatia

Kwanza tafuta kona. Kama ubavu una kona halisi, pale mbao ya chini inapokutana na ya ubavuni kwa pembe, hapo maliza umbo moja na uanze jingine. Ukilazimisha kubiki ipite laini kwenye kona, itajikunja kabla ya kona na baada yake, na kasoro itasambaa hadi vipande vya jirani.

Pili, tazama panapopinda sana. Nafasi za alama si lazima zilingane. Hapa kuna kanuni inayosaidia: ukiunganisha nukta mbili kwa mstari mnyoofu, kosa kubwa kabisa halizidi h² ÷ 8 mara mpindo mkubwa zaidi wa kipande hicho, h ikiwa urefu wa kipande. Kwa neno mpindo namaanisha kasi ya kubadilika kwa mteremko. Mtumbwi huu, kama tutakavyoona, una mpindo wa karibu 14 pale omo na 3.5 karibu na tezi. Kwa hiyo, kama ungechora kwa mistari minyoofu tu na kutaka kosa lisizidi nusu sentimita, ungehitaji vipande vya sm 53 upande wa omo, na vya zaidi kidogo ya mita 1 upande wa tezi. Kubiki zinatuwezesha kwenda mita 2 bila wasiwasi. Sababu ni kwamba ukigawanya kipande nusu, kosa la mstari mnyoofu linapungua mara 4, na la kubiki iliyoungwa vizuri linapungua mara 16.

Hatua ya tatu: kuunga vipande

Tunataka pale vipande viwili vinapokutana visiachane, visivunjike mteremko, na visibadilike mpindo ghafla. Masharti haya matatu ndiyo yanayotimizwa na ufito wa mbao wenyewe. Ukiubana kati ya misumari unatafuta umbo lenye kunyumbuka kidogo iwezekanavyo, na umbo hilo, kama haukunjwi sana, ni kubiki kati ya kila msumari na mwenzake. Wajenzi wa meli wa Ulaya walikuwa wakikunja fito za namna hii na kuzikandamiza kwa vizito vya risasi. Mwaka 1946 Isaac Schoenberg alipoandika hesabu za vipande vilivyoungwa, jina alilovipa lilikuwa la ufito huo. Kwa hiyo nami nitaziita hesabu hizi ufito, wala sioni haja ya neno jingine.

Herufi M isimame badala ya mpindo katika kila alama: M0 pale omo, M1 kwenye mita 2, hadi M4 pale tezi. Alama zikiwa na nafasi sawa h, kila alama ya ndani inatoa mlinganyo mmoja:

M ya kushoto + 4 × M ya hapa + M ya kulia = (6 ÷ h²) × (y ya kushoto − 2 × y ya hapa + y ya kulia)

Hapa y ni nusu upana kwenye alama. Kwetu h ni 2, hivyo 6 ÷ h² ni 1.5. Kwenye mita 2: 0 − 104 + 70 = −34, mara 1.5 ni −51. Kwenye mita 4: 52 − 140 + 62 = −26, inakuwa −39. Kwenye mita 6: 70 − 124 + 40 = −14, inakuwa −21. Basi:

M0 + 4M1 + M2 = −51
M1 + 4M2 + M3 = −39
M2 + 4M3 + M4 = −21

Milinganyo mitatu, vitu visivyojulikana vitano. Pengo la viwili ni ncha mbili, na hapa ndipo wengi hupotea kwa kuchagua njia rahisi.

Hatua ya nne: ncha huru, na kwa nini ilinidanganya

Njia rahisi ni kusema mpindo kwenye ncha zote mbili ni sifuri. Hivyo ndivyo ufito unavyojiweka ukibanwa kwa msumari mmoja tu nchani na mkia wake ukiachwa huru. Weka M0 = 0 na M4 = 0, utatue, utapata M1 = −11.25, M2 = −6, M3 = −3.75. Jaribu kuzirudisha kwenye milinganyo, zinakubali zote.

Sasa waite mashahidi. Katikati ya kipande chochote, nusu upana unaotolewa na ufito ni wastani wa nukta mbili ukitoa (h² ÷ 16) × jumla ya M mbili za ncha zake. Kwetu h² ÷ 16 ni 0.25.

Mita 1: 26 + 0.25 × 11.25 = 28.8. Shahidi anasema 31.5.
Mita 3: 61 + 0.25 × 17.25 = 65.3. Shahidi anasema 64.5.
Mita 5: 66 + 0.25 × 9.75 = 68.4. Shahidi anasema 68.5.
Mita 7: 51 + 0.25 × 3.75 = 51.9. Shahidi anasema 52.

Upande wa tezi ni safi. Upande wa omo tumekosa sm 2.7, na kosa hilo limesukuma kipande cha jirani nacho kikakosea karibu sentimita nzima. Nilirudia kupima mara mbili, nikabadilisha futi, nikashuku jua na uzi. Baada ya majuma mawili nilirudi Igombe nikatazama misumari ya mzee.

Ule wa sita ulikuwa omo. Alikuwa ameacha mkia wa ufito upite mbele ya omo, nje ya mtumbwi, akaubana huko kwa msumari wa ziada. Nilipomuuliza safari hii alijibu bila kuinua kichwa: “Ubao ukifika omo hauji ukiwa umenyooka. Ukiuacha, unadanganya.” Pale tezi hakuweka msumari wa ziada. Mbao za mtumbwi huo zinafika tezi zikiwa zimechoka kupinda.

Hatua ya tano: kupigilia msumari wa sita kwa hesabu

Msumari wa mzee unaamua mteremko wa kuanzia. Upime moja kwa moja: laza rula fupi kwenye ukingo pale omo na uone kwa sm 10 za mbele upana unakua kiasi gani. Nilipata sm 3.8, yaani mteremko wa 38 kwa mita. Mlinganyo wa ncha yenye mteremko unaojulikana ni:

2M0 + M1 = (6 ÷ h) × (mteremko wa mstari mnyoofu wa kipande cha kwanza − mteremko uliopimwa)

Mstari mnyoofu kutoka 0 hadi 52 kwa mita 2 una mteremko wa 26. Basi 2M0 + M1 = 3 × (26 − 38) = −36. Upande wa tezi tunabaki na M4 = 0.

Kwenye LibreOffice Calc andika namba za kushoto katika visanduku B2 hadi E5 na za kulia katika F2 hadi F5:

2, 1, 0, 0 na −36
1, 4, 1, 0 na −51
0, 1, 4, 1 na −39
0, 0, 1, 4 na −21

Chagua visanduku vinne vilivyo wima, andika =MMULT(MINVERSE(B2:E5);F2:F5) kisha bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Kama programu yako inatumia koma badala ya nukta mkato, badilisha. Asiye na kompyuta asikate tamaa. Namba ya katikati, 4, inazishinda za pembeni, kwa hiyo unaweza kuanza kwa kubahatisha, ukakokotoa kila M kutokana na jirani zake, ukarudia mizunguko michache, na majibu yatatulia yenyewe.

Majibu: M0 = −14.29, M1 = −7.42, M2 = −7.02, M3 = −3.49.

Mashahidi tena. Mita 1: 31.4. Mita 3: 64.6. Mita 5: 68.6. Mita 7: 51.9. Hakuna kosa linalozidi milimita 2, na futi yenyewe ukiishika vibaya inakosea zaidi ya hapo.

Kabla ya kuendelea, zisome hizo M kama mganga anavyosoma mapigo. Zote ni hasi, na ukubwa wake unashuka kutoka omo hadi tezi bila kupanda tena. Huo ndio mtumbwi ulionyooka umbo. Tuseme ulisoma 62 ukaandika 65 kwenye mita 6. Ufito ungepita kwenye 65 bila kulalamika, na kwenye skrini jicho lisingeona kitu. Lakini M zingekuwa −14.0, −8.0, −5.1, −6.2. Huko kupanda tena kutoka −5.1 hadi −6.2 kunapiga kelele kwamba kuna kipimo kibaya jirani. Mimi siku hizi naangalia M kabla sijaangalia mchoro.

Angalizo kwa wapenda usahihi: M si mpindo halisi wa kijiometria, unakaribiana nao pale mteremko ni mdogo. Pale omo, kwa mteremko wa 0.38, mpindo halisi ni pungufu kwa karibu moja ya tano. Kwa kusaka makosa hilo halina madhara.

Hatua ya sita: kuigeuza kuwa vishikio

Programu za kuchora hazipokei M. Zinapokea nukta nne kwa kila kipande: mbili za ncha na mbili za kuvuta, ambazo nitaziita vishikio. Asili yake ni viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau aliitengeneza njia hiyo Citroën mwaka 1959, kampuni ikaifungia kabatini. Pierre Bézier wa Renault akaifikia kwa njia yake na kuitangaza miaka ya 1960, ndiyo maana michirizi hii inaitwa kwa jina lake.

Kwanza tafuta mteremko kwenye kila alama. Anza na 38, kisha kila hatua ongeza (h ÷ 2) × jumla ya M mbili. Kwetu h ÷ 2 ni 1, kwa hiyo: 38, kisha 16.29, kisha 1.85, kisha −8.67, mwisho −12.16.

Kishikio cha kwanza kinakaa theluthi moja ya kipande mbele ya ncha ya kushoto, kikifuata mteremko wake. Cha pili kinakaa theluthi moja nyuma ya ncha ya kulia, kikifuata mteremko wa huko. Kipande cha kwanza: 38 × 0.667 inatupa kishikio cha sm 25.3 kwenye mita 0.667. Cha pili ni 52 − 16.29 × 0.667, yaani sm 41.1 kwenye mita 1.333.

Hakiki kwa njia ya de Casteljau, ambayo ni kugawanya nusu kwa nusu tu. Namba nne ni 0, 25.3, 41.1, 52. Wastani wa jirani kwa jirani: 12.7, 33.2, 46.6. Tena: 22.9, 39.9. Tena: 31.4. Ndiyo namba ile ile ya mita 1 tuliyoipata kwa M. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kijiti mchangani.

Mtumbwi mzima katika SVG, lugha ya michoro ambayo Inkscape inaisoma, sentimita kwa sentimita, ni mstari huu:

M 0 0 C 66.7 25.3 133.3 41.1 200 52 C 266.7 62.9 333.3 68.8 400 70 C 466.7 71.2 533.3 67.8 600 62 C 666.7 56.2 733.3 48.1 800 40

M ya hapo mwanzo ni amri ya kuanzia mchoro, haihusiani na mpindo wetu. Uweke ndani ya faili lenye width="800cm" height="100cm" viewBox="0 0 800 100" ili kizio kimoja kiwe sentimita moja. SVG huhesabu kwenda chini, hivyo mchoro utaonekana umepinduka. Usihangaike, ni upande wa pili wa mtumbwi.

Hatua ya saba: taruma, pale y inapogoma

Hadi hapa kila x ilikuwa na y moja. Mataruma, yale mbao za mbavu, yanatoka kwenye mkuku karibu yakiwa yamelala kisha yanasimama karibu wima. Mteremko wa kitu kilichosimama wima hauna namba. Hapo tunabadilisha mbinu: tembea juu ya taruma kama sisimizi, uhesabu mwendo wake, na mwendo huo uuite t. Kisha fanya fito mbili, mmoja wa upana dhidi ya t na mwingine wa kimo dhidi ya t.

Taruma la mita 4 nililipima hivi, upana kisha kimo: 0 na 0, 40 na 9, 60 na 30, 70 na 54. Mwendo wa kipande kwa kipande unapatikana kwa Pythagoras. Kipeuo cha pili cha 1600 + 81 ni 41. Cha 400 + 441 ni 29. Cha 100 + 576 ni 26. Kwa hiyo t ni 0, 41, 70, 96. Usiandike t kuwa 0, 1, 2, 3 kwa uvivu. Vipande vya urefu tofauti vikipewa muda sawa, mchirizi unaweza kuvimba kwenye vipande vifupi, wakati mwingine hata kujifunga kitanzi.

Kwa kuwa nafasi hazilingani tena, mlinganyo wa alama ya ndani unakuwa hivi: urefu wa kipande cha kushoto × M ya kushoto, jumlisha mara 2 ya jumla ya urefu wa vipande vyote viwili × M ya hapa, jumlisha urefu wa kipande cha kulia × M ya kulia, ni sawa na 6 × tofauti ya miteremko minyoofu, wa kulia ukitoa wa kushoto. Kwa upana, ncha zikiwa huru:

140M1 + 29M2 = −1.72
29M1 + 110M2 = −1.83

Jibu ni −0.0093 na −0.0142. Kwa kimo upande wa kushoto haubadiliki, upande wa kulia unakuwa 3.03 na 1.19, na jibu ni 0.0205 na 0.0054. Vishikio vinatafutwa kama mwanzo, kila kimoja kikiwa na upana wake na kimo chake, theluthi ikiwa ya t.

Kuhusu duara

Utakutana nalo kwenye tundu la tangi au mfuniko wa sanduku la barafu. Hakuna polinomia inayochora duara kamili, lakini kubiki nne, moja kwa kila robo, zinatosha. Urefu wa kila kishikio uwe nusukipenyo mara 0.5523. Kwa nusukipenyo cha sm 50 ni sm 27.6, na kosa halizidi milimita 0.14, jembamba kuliko alama ya penseli. Ukitumia kipeo cha pili, robo kwa robo, kishikio kikiwa pale miguso miwili inapokutana, kosa katikati linafika asilimia 6, yaani sm 3. Tao lisilo robo kamili lina kanuni yake: kishikio ni 4/3 × tan ya robo ya pembe × nusukipenyo.

Hatua ya nane: patani

Toa michoro ya mataruma kwa ukubwa halisi. Kama printa ni ndogo, gawanya kurasa na uweke kwenye kila ukurasa mraba wa sm 10. Upime kwa rula kabla ya kubandika, kwani printa nyingi hupunguza ukurasa kimyakimya.

Kosa la mwisho linalongoja hapa ni unene wa mbao. Umepima nje, lakini taruma linakaa ndani. Mbao ya inchi 1 inadai utoe sm 2.5, na usitoe kwa kupunguza upana tu, kwa sababu pale taruma lilipolala utakuwa umetoa kidogo kuliko unene wenyewe. Toa kwa pembe mraba na mchirizi. Kwenye Inkscape kuna amri ya kuingiza mchirizi ndani. Mkononi, seti bikari kwa sm 2.5, chora vijiduara vingi juu ya mchirizi, kisha unganisha matumbo yao ya ndani kwa ufito.

Kata patani kwa hadibodi, si kwa mbao ya kazi. Ichukue hadi kwenye mtumbwi wa zamani, iingize kwenye mita 4 na utazame mwanga unaopenya kati yake na ubavu. Patani yangu ilikaa, isipokuwa upenyo mmoja wa unene wa sarafu kwenye mbao ya tatu kutoka chini. Nilianza kufungua kompyuta nitafute kosa. Mzee akapitisha kidole kwenye mbao ile.

“Hiyo iliwahi kugonga jiwe,” akasema. “Ifuate patani.”